Neno pelekus lilitoka wapi? Uchambuzi wa jina la shoka katika Kigiriki cha Kale

Calypso, mungu wa kike wa kisiwani, alipokubali mwishowe kumwachia shujaa Odysseus arudi kwao, hakumpa meli. Alimpa shoka. Mshairi Homer analieleza kwa mistari michache tu katika kitabu cha 5 cha utenzi wake, Odyssey, lakini fundi wa mbao hakosi kuridhika na maelezo hayo: ni kubwa, la shaba, limenolewa pande zote mbili, linashikika vizuri, na mpini wake ni wa mzeituni, umekazwa barabara. Juu yake akaongezewa tezo. Kwa zana hizo Odysseus akaangusha miti 20, akaichonga, akainyoosha kwa uzi, akaunda chombo cha kumtoa kisiwani.

Jina la shoka hilo ni pelekus. Lilikuwa neno la kila siku, si la washairi peke yao. Lilikuwa la seremala, la mkata kuni, na la mchinja kafara pia: katika kitabu cha 3 cha utenzi huohuo, mtoto wa Nestor anamkata mtamba mishipa ya shingo kwa pelekus pale Pylos. Kwa neno la kawaida kiasi hicho mtu angetarajia asili yake ijulikane. Haijulikani kwa hakika hadi leo. Wanaisimu wamelibishania kwa zaidi ya karne nzima, na majibu makubwa ni matatu: kwamba Wagiriki walilirithi kwa mababu zao, kwamba lilitoka Mesopotamia, au kwamba ni neno safiri lililopita katika lugha kadhaa kabla ya kufika kwao. Nitayapima majibu hayo kwa ushahidi wake. Nasema mapema ninakoelekea: ushahidi wa sauti ni wa kweli na lazima uheshimiwe, ila hauthibitishi kile ambacho wengi hudhani unakithibitisha.

Kigiriki chenyewe kinasema nini

Kwa upande wa maana, kitabu cha 23 cha Iliad, utenzi mwingine wa Homer, kinatusaidia sana. Katika michezo ya mazishi ya Patroclus, Achilles anaweka zawadi kwa washindani wa upinde: mashoka 10 ya aina ya pelekus, na mengine 10 yanayoitwa hemipelekka, yaani nusu-pelekus. Meriones wa Krete anashinda na kuchukua yale 10 ya kwanza, Teucer anaondoka na yale ya nusu. Kama shoka lenye makali upande mmoja ni nusu, basi pelekus kamili ndilo lenye makali pande mbili, kama lile la Calypso.

Tazama sasa ile k mbili katika hemipelekka. Inarudi katika pelekkon, mpini wa shoka katika kitabu cha 13 cha Iliad, na katika kitenzi cha kuchonga kwa shoka, pelekkao, ambacho Homer anakitumia Odysseus anapochonga miti yake 20. Uradidi huo si pambo la mshairi. Shina la neno linaishia na u, na u hiyo ikifuatwa na irabu nyingine hugeuka w, tukapata pelekw-. Baadaye kundi la kw likalainika likawa kk. Maana yake ni kwamba maneno haya yaliundwa wakati w ilikuwa ingali hai vinywani mwa Wagiriki, sauti ambayo lahaja ya Ionia, iliyobeba tenzi za Homer, ilikwisha kuipoteza. Kwa hiyo dhana ya kwamba pelekus liliingia Ugiriki pamoja na wafanyabiashara wa Kifoinike, wakati mmoja na alfabeti, tunaweza kuiweka kando. Neno ni kongwe kuliko hapo.

Ukoo wake ndani ya Kigiriki ni mdogo. Kuna pelekas, ndege kigogota, anayepiga miti kwa mdomo wake. Kuna pelekan, jina ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelichukua kumwita mwari. Hao wote ni watoto wa shoka. Mzazi wake ndiye haonekani: Kigiriki hakina kitenzi cha kukata au kupasua ambacho tungeweza kusema pelekus limetokana nacho.

Ndugu aliyeko India

Mzazi hayupo nyumbani, lakini ndugu yupo mbali. Katika Rigveda, tenzi za kale za Kisanskriti, shoka ni parashu, neno ambalo Wahindu wanalikumbuka katika jina la Parashurama, Rama mwenye shoka. Weka mashina mawili sambamba: peleku-, parashu-. P iko mahali pa p. E ya Kigiriki imekuwa a. L imekuwa r. E nyingine imekuwa a. K imekuwa sh. U imebaki u.

Macho yasiyozoea yanaweza kuona mfanano wa juujuu tu hapa. Mwanaisimu anaona kanuni. Msemaji wa Kiswahili aliyekaa na Wakikuyu anaijua kanuni ya namna hii kwa masikio yake: kulima kwao ni kũrĩma, kulala ni kũrara. L huku, r kule, neno baada ya neno, kwa sababu lugha hizi ni za mama mmoja na kila moja imeibadili sauti ileile kwa njia yake bila kuyumba. Kigiriki na Kisanskriti vina uhusiano wa jinsi hiyo. Kumi ni deka kwa Kigiriki na dasha kwa Kisanskriti: e kwa a, k kwa sh. "Nyingi" ni polus kwa Kigiriki na puru kwa Kisanskriti: l kwa r. Kwa hiyo pelekus na parashu hayajafanana kwa bahati. Kila sauti imeanguka pale ambapo kanuni inaitaka ianguke, na hakuna hata moja iliyohitaji kuombewa radhi.

Kutokana na ulinganifu huo wanaisimu hukisia neno la lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, mama wa lugha nyingi za Ulaya, Irani na India: *peleḱu-, ambapo nyota huonyesha kwamba neno limekisiwa tu, halijaonekana popote, na k yenye alama ni ile iliyotamkwa mbele, karibu na kaakaa gumu. Ukiishia hapo, kesi imekwisha: neno ni la urithi. Watu wengi waliishia hapo. Mimi naona nyufa nne, na hazina uzito sawa.

Ufa wa kwanza ni wa jiografia. Familia ya Kihindi-Kiulaya ina matawi mengi, kuanzia Ireland hadi Bengal, lakini neno hili liko katika matawi mawili tu, la Kigiriki na la Kihindi-Kiirani. Warumi waliita shoka securis, kutokana na kitenzi chao cha kukata. Wahiti walikuwa na neno jingine kabisa. Waslavi wana topor, ambalo wengi wanaamini lilikopwa kwa Wairani, jambo linaloonyesha jinsi majina ya shoka yasivyotulia mahali pamoja. Peke yake ufa huu si mkubwa, kwa kuwa maneno ya urithi hupotea kila siku, na Kigiriki na Kihindi-Kiirani vina mambo mengine mengi ambavyo ni hivyo viwili tu vinavyoyashiriki.

Wa pili ndio mzito kuliko yote. Mizizi ya Kihindi-Kiulaya ina umbo lake. Kwa kawaida mzizi ni silabi moja yenye e katikati, na unapoongezewa viambishi e hiyo hukaa mahali pamoja na kutoweka kwingine. Shina lenye e kamili mbili mfululizo kabla ya kiambishi cha u, yaani pel-ek-u, halifanani na mashina ya lugha hiyo. Na ukilivua kiambishi unabaki na kitu kisicho mzizi wa kitenzi chochote kinachojulikana. Zana kwa kawaida huitwa kwa kazi yake. Securis linatokana na kukata. Hapa tuna zana isiyo na kazi ndani ya jina lake, wala ndani ya lugha yoyote ya familia nzima. Nikiona neno la namna hiyo, swali la kwanza ninalojiuliza ni: lugha hii ililipata kwa nani?

Wa tatu ni mkazo. Wagiriki walikaza silabi ya kwanza, pélekus, na Wahindi wa Veda silabi ya mwisho, parashú. Mara nyingi mkazo wa Kigiriki na wa Veda hukubaliana: "nzito" ni barús kwa Kigiriki na gurú kwa Kisanskriti. Hapa haukubaliani.

Ufa wa nne uko Irani, na umepuuzwa mno. Lugha za Kiirani ni dada wa Kisanskriti. Pale Kisanskriti kinapotoa sh hii, nyingi kati yao hutoa s. Tungetarajia basi umbo kama parasu. Lakini Kiosetia cha Kaukazi kina færæt, Kikhotani cha Asia ya Kati kina paḍa, na Kitokhari, lugha ya mashariki zaidi iliyokopa kwa Wairani, kina peret na porat. Hayo yote yanarudi kwenye t mahali ambapo s ilitakiwa. Maelezo yapo: katika lahaja za aina ya Kiajemi cha Kale sauti hiyo ilikuwa th kama ya "thamani", na kutoka huko neno lingeweza kukopwa na majirani. Nayakubali maelezo hayo. Lakini tazama yanachokubali: kwamba hata baada ya kuingia katika familia hii, neno liliendelea kupita mkono kwa mkono pamoja na zana yenyewe. Tabia yake iliyo wazi kabisa, pale tunapoweza kuifuatilia, ni ya kusafiri.

Mtego wa Kiakadi

Wataalamu wa karne ya 19 walipoanza kusoma vibao vya udongo vya Mesopotamia walikutana na neno la Kiakadi, lugha ya kale ya huko, pilakku, ambalo baadhi waliliandika pilaqqu. Wakalitafsiri "shoka". Mtu hawezi kuwalaumu waliofurahi. Tatizo la pelekus lilionekana kufa siku hiyohiyo: hapa kuna shoka la Babeli, taifa lenye wahunzi na misafara ya punda, sauti ni p, l, k, na maana ni ileile. Jibu hilo likaingia vitabuni, na bado mtu hukutana nalo likirudiwa kana kwamba ni jambo lililothibitishwa.

Kadiri vibao vilivyosomwa zaidi, maana ilibadilika. Pilakku ni kijiti cha kusokotea uzi, kile ambacho mwanamke hukizungusha pamba au sufi ikajikunja kuwa uzi. Ndugu zake wa Kisemiti wanashuhudia hivyohivyo. Kiebrania kina pelekh, kilichoko mkononi mwa mke mwema katika Mithali 31:19, anayeshika kijiti cha kusokotea. Kiarabu kina falka, lile gurudumu dogo linalovishwa kwenye kijiti ili kizunguke sawasawa. Na kutoka ukoo huo kuna falak, mzunguko wa mbingu: wafasiri wa kale wa Qur'ani walieleza mwendo wa jua na mwezi kwa mfano wa kijiti cha kusokotea kikizunguka. Hiyo ndiyo falaki ya Kiswahili, elimu ya nyota. Neno la Kiakadi lililodhaniwa shoka lina jamaa yake katika kalenda za Lamu na Zanzibar, na jamaa huyo anazungumzia kuzunguka, hana habari ya kukata.

Wapo waliojaribu kuokoa hoja kwa kusema kwamba shoka la makali mawili, likitazamwa pamoja na mpini wake, lina umbo la kijiti chenye gurudumu. Siipokei, lakini inastahili kujibiwa kwa haki, maana ni kweli kwamba jina la zana likisafiri hubadilika maana. Kiswahili kina ushahidi mzuri wa jambo hilo. Kalamu ni kalamos ya Kigiriki, unyasi au tete, iliyopitia Kiarabu qalam. Sababu inaonekana, kwani tete lilichongwa likawa chombo cha kuandikia. Kalibu, anayotumia mhunzi au sonara kumiminia madini, ni qalib ya Kiarabu, ambayo nayo inarudi kwa kalopous ya Kigiriki, "mguu wa mti", yaani ule mguu wa ubao ambao fundi viatu alishonea juu yake. Kutoka kiatu hadi madini ni mbali, lakini kila hatua ina daraja: kitu kinachokipa kitu kingine umbo. Katika pilakku na pelekus daraja hilo halipo. Kijiti cha kusokotea kilikuwa nyumbani mwa kila mwanamke wa Ugiriki, na Wagiriki walikuwa na jina lake, atraktos. Tungepaswa kuamini kwamba walichukua jina la kitu cha kusokotea kutoka Mesopotamia, wakaliacha kwa kitu hicho, wakalibandika kwenye shoka, na Wahindi wakafanya vilevile. Hapana.

Mkopo wa kweli kutoka Kisemiti tunaujua ulivyo. Dhahabu kwa Kigiriki ni khrusos. Kwa Kiakadi ni hurasu. Neno hilo liko tayari katika vibao vya Kigiriki vya enzi ya Mycenae kwa umbo la ku-ru-so, mamia ya miaka kabla ya Homer, pamoja na ki-to, vazi, na sa-sa-ma, ufuta. Sauti zinakubaliana, maana ni ileile, na tunazijua bidhaa zilizobeba maneno. Pilakku halipiti mtihani huo.

Kuna dai jingine la Kisemiti lenye maana bora zaidi. Mzizi p-l-q ni kupasua. Mwislamu anaujua katika sura ya Al-Falaq, mapambazuko, giza linapopasuliwa. Kiakadi kina palaqu, kuchinja, na Kisiria kina pelqa, shoka. Hapa maana inakaa. Lakini Kisiria kinaanza kuonekana katika maandishi baada ya Kristo, na kilikopa Kigiriki kwa wingi, hivyo pelqa linaweza hata kuwa limetoka kwa pelekus badala ya kulizaa. Na q ya Kisemiti hutamkwa nyuma kabisa, kooni, wakati sh ya parashu inadai sauti iliyotamkwa mbele, kwenye kaakaa. Lugha mame ilikuwa na k ya kawaida ambayo ingefaa zaidi kupokea q. Sielewi kwa nini waliokopa waiache hiyo na kuchagua ile ya mbali zaidi.

Swali la wakati

Hoja ambayo mimi huipa uzito kuliko zote ni ya tarehe, kwa sababu inazifunga nadharia zote mbili, ya urithi na ya mkopo, kwa pamoja. K ya mbele ilipokwisha kugeuka sh huko mashariki, mlango ulifungwa: neno lolote lenye k lililoingia baada ya hapo lingebaki na k, na Wahindi wangesema paraku. Mabadiliko hayo yalikwisha kutokea lini? Kuna shahidi asiyetarajiwa. Kikkuli, mfunza farasi kutoka ufalme wa Mitanni, aliacha maelekezo ya mazoezi ya farasi ambayo Wahiti waliyahifadhi katika mji wao mkuu, Hattusa. Ni ya karne ya 15 au 14 KK. Cheo chake kimeandikwa ashshushshanni, na wengi wanaona ndani yake neno la Kihindi la farasi, ashva, likiwa na sh badala ya k. Kwa hiyo kufikia wakati huo mageuzi yalikuwa ya zamani tayari.

Neno la shoka lilikuwa basi vinywani mwa mababu wa Wahindi na Wairani, na vinywani mwa mababu wa Wagiriki, kabla ya hapo, yamkini katika milenia ya 3 KK au mapema zaidi, wakati jamii hizo zilikuwa bado jirani. Huu ndio ukweli ambao ulinganifu wa sauti unauthibitisha. Unathibitisha umri wa neno ndani ya familia, lakini hausemi lilizaliwa humo. Neno la kukopa likiingia katika lugha kabla haijagawanyika, linapitia mabadiliko yote ya sauti sawasawa na maneno ya urithi, na mwisho wake haliwezi kutofautishwa nayo kwa kanuni za sauti. Umbo lake ndilo linalolisaliti: zile e mbili, na ule mzizi usio na kitenzi.

Je, kulikuwa na njia ya kupita? Ilikuwapo. Mashoka ya shaba yenye tundu la mpini yalitengenezwa Mesopotamia na Kaukazi mapema sana. Utamaduni wa Maykop, kaskazini mwa milima ya Kaukazi, ulistawi takriban 3700 hadi 3000 KK, na makaburi yake yana mashoka ya namna hiyo pamoja na dhahabu na fedha; ulikuwa umekaa hasa kati ya Mashariki ya Kati na nyika ambako wengi wanaiweka lugha mame ya Kihindi-Kiulaya. Mtu wa nyika aliyeona kwa mara ya kwanza shoka lililomiminwa kwa kalibu, lenye tundu lake tayari, alikuwa na sababu nzuri ya kulichukua pamoja na jina lake. Lugha za watu wa Maykop hazikuandikwa. Hapo ndipo njia inapokatika.

Labrys, na jina lililopewa Krete

Anayesoma habari za shoka la makali mawili leo hukutana zaidi na jina labrys kuliko pelekus. Inafaa kusema wazi kwamba Wagiriki hawakuliita hivyo. Neno linatujia kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeandika karibu mwaka 100 baada ya Kristo. Anauliza kwa nini sanamu ya Zeus wa Labraunda, katika nchi ya Karia, imeshika shoka badala ya fimbo ya enzi au radi. Anajibu kwa hadithi nzuri: Heracles alimuua Hippolyte, malkia wa Waamazoni, akachukua shoka lake, akampa Omphale, malkia wa Lidia, wafalme wa Lidia wakalibeba kizazi kwa kizazi kama kitu kitakatifu, mpaka Candaules, aliyelidharau na kumpa mmoja wa wenzake alibebe. Gyges alipomwasi, Arselis wa Mylasa alikuja kumsaidia, akamuua Candaules na huyo mbeba shoka, akalipeleka shoka Karia na kuliweka mkononi mwa Zeus. Kisha Plutarch anaongeza kwamba Walidia huita shoka labrys.

Hiyo ndiyo sentensi yote tuliyonayo. Imeandikwa zaidi ya miaka 700 baada ya Candaules, na Kilidia kimetuachia maandishi mia moja na kitu tu ambayo neno hilo halimo. Sina sababu ya kumwita Plutarch mwongo. Magofu ya Labraunda yapo karibu na Milas ya leo nchini Uturuki, na sarafu za watawala wa Karia zinaonyesha Zeus amebeba shoka la makali mawili begani. Shoka na mahali vilihusiana kweli. Kama jina la mahali lilitoka kwa shoka, au hadithi ya shoka ilitungwa kueleza jina la mahali, hilo ni swali lingine, na hadithi za namna hii mara nyingi hutungwa kwa njia ya pili.

Mwaka 1892 Max Mayer alipendekeza kwamba jina la labirinthi ya Krete, lile jengo la hadithi lenye njia za kupoteza watu, limetokana na labrys. Arthur Evans alipoanza kuchimba magofu ya Knossos huko Krete mwaka 1900 na kukuta alama za shoka zimechorwa kwenye nguzo, wazo hilo likapata nyumba: labirinthi ikawa "nyumba ya shoka la makali mawili". Linavutia, nami naona kwa nini limeenea. Lakini mwaka 1952 Michael Ventris alifungua maandishi ya Linear B, yale ya vibao vya enzi ya Mycenae, na kibao kimoja cha Knossos kikasomeka kuwa na sadaka ya mtungi mmoja wa asali kwa "Bibi wa da-pu-ri-to". Wengi wanaona hiyo ni labirinthi katika umbo lake kongwe, na inaanza na d, si l. D na l hubadilishana katika maneno ya kale ya eneo hilo; Odysseus mwenyewe aliitwa pia Olysseus. Hata hivyo sasa tunahitaji l ya Lidia iwe d ya Krete, tunahitaji mpangilio wa irabu ubadilike, na tunahitaji kiambishi -inthos, kile cha Korinthos, kiongezwe kwa neno lililoshuhudiwa mara moja, mbali, na kwa kuchelewa. Mnyororo ni mrefu mno. Mashoka ya dhahabu yaliyochimbuliwa na Marinatos mwaka 1934 katika pango la Arkalochori hayakuwafaa watetezi wake pia: moja lina maandishi ya Linear A, mwandiko wa kale wa Krete ambao lugha yake haijajulikana, yanayosomeka kwa makisio i-da-ma-te, na hakuna kinachofanana na labrys hapo.

Hukumu yangu, basi, kuhusu pelekus. Urithi wa pamoja wa Kigiriki na Kihindi-Kiirani ni hakika. Asili ya nje kabla ya utengano wao ni jambo ninaloliona karibu sana na ukweli, kwa sababu ya umbo la shina. Pilakku ya Kiakadi iondolewe. Mzizi wa kupasua, p-l-q, ubaki kama dai dhaifu. Labrys ni kesi nyingine kabisa na isichanganywe na hii.

Na kwa anayetaka kuona shoka la Kiakadi ndani ya Kigiriki, mlango mzuri zaidi upo jirani. Katika kitabu cha 15 cha Iliad, vita vinapofika kwenye meli, watu wanapigana kwa pelekus na kwa axine katika mstari mmoja. Axine nalo ni shoka. Kiakadi kina hassinnu, na maana yake haina ubishi: ni shoka. Hapa sauti na maana vinakwenda pamoja, jambo ambalo pilakku halikuweza kutupa. Kinachozuia kufunga kesi hiyo ni kwamba Kilatini kina ascia na Kigothi kina aqizi, yanayoonekana kuwa ndugu wa axine huko magharibi, mbali na msafara wowote wa Ashuru. Wanaolichunguza neno hilo wana kazi ya kueleza kwanza kama maneno hayo matatu yalitoka kwa mama mmoja, au kila lugha ililipokea shoka lake kwa mfanyabiashara wake.